Nusu ya Utabiri ni ya Nahodha: Mafunzo Manane Niliyopata Kati ya Tanga na Pemba

Nimevuka Mkondo wa Pemba kwa miaka ishirini na miwili. Nilianza nikiwa baharia mdogo, kazi yangu kufua maji ya ngama na kuwapikia wakubwa. Baadaye nikashika usukani, na huu ni mwaka wa kumi na nne naitwa nahodha. Jahazi letu lina tanga na mashine. Hupakia saruji, unga na mbao Tanga kwenda Wete, na kurudi na nazi, mbata na ndizi.

Nilipoanza kazi, tulipotaka kujua hali ya bahari tulimwendea mzee aliyekaa pwani alfajiri akitazama mawingu ya mashariki. Siku hizi taarifa ziko kila mahali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na maonyo, redio huyasoma, na simu huonyesha mishale ya upepo ya siku saba zijazo. Hata hivyo, bado vyombo vinapata madhara siku ambazo onyo lilikwisha kutolewa. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu nimelipata katika makosa yangu mwenyewe. Mtabiri hutabiri eneo pana la bahari. Hakijui chombo changu, hajui nimepakia nini, wala hajui nitaingilia mlango gani. Amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni yangu. Mafunzo haya manane yanahusu nusu hiyo.

1. Soma saa kabla ya kusoma upepo

Mwaka wangu wa kwanza wa unahodha nilipata taarifa ya bahari iliyotoka nje ya nchi. Ilisema kusi kitaongezeka hadi noti 25 kuanzia 0900. Noti ni maili ya bahari kwa saa, karibu kilomita 1.85, kwa hiyo noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa. Nikaelewa kuwa upepo utaanza saa tatu asubuhi, nikawaambia mabaharia tungoje tuone.

Saa tatu ikafika, bahari shwari. Saa nne, shwari bado. Nikasema watabiri wamekosea, tukang'oa nanga. Saa sita mchana tulikuwa katikati ya Mkondo, bara imefifia nyuma na Pemba bado haijaonekana vizuri, ndipo kusi kilipotufikia. Tanga lilipasuka kabla hatujaliteremsha. Mawimbi yaliingia ubavuni, na tulifua maji hadi mikono ikafa ganzi. Tulifika Wete usiku, watu wote salama, lakini mifuko sitini ya saruji ilikuwa imegeuka mawe.

Mtu wa bandarini ndiye aliyenionyesha kosa. Taarifa za bahari za kimataifa huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, nasi Afrika Mashariki tuko mbele yake kwa saa tatu. Basi 0900 ni saa sita mchana kwetu, saa ile ile tuliyopigwa. Utabiri ulikuwa sahihi kabisa. Msomaji ndiye aliyekosea.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja ninayomfundisha kila baharia: ukikuta saa ya UTC, toa tatu, utapata saa ya Kiswahili. 0600 ni saa tatu asubuhi, 1200 ni saa tisa alasiri, 1500 ni saa kumi na mbili jioni. Na kabla ya kusema mtabiri amekosea, hakikisha kwanza wewe hujakosea.

2. Mita mbili si mwisho wa wimbi

Nilidhani tukiambiwa mawimbi ya mita mbili, basi hakuna wimbi litakalozidi hapo. Sivyo. Kimo kinachotumika katika taarifa nyingi za bahari ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Kipimo hiki kilitungwa na wanasayansi Harald Sverdrup na Walter Munk wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, walipokuwa wakisaidia kupanga siku ambazo askari wangeweza kushuka pwani. Waliona kuwa kinakaribiana na kile ambacho jicho la baharia mzoefu hukadiria.

Maana yake kwetu ni hii. Katika kila mawimbi saba, moja hivi huzidi kiasi kilichotajwa. Na katika mawimbi kama elfu tatu, moja huweza kufika mara mbili ya kiasi hicho. Mawimbi yakija kila baada ya sekunde sita, elfu tatu hupita chini ya chombo kwa muda wa saa tano. Safari yangu ya Wete huchukua saa sita au zaidi. Kwa hiyo nikiondoka na utabiri wa mita mbili, ni lazima nijiandae kukutana na wimbi la mita nne mara moja njiani, na sitajua litakuja saa ngapi.

Jahazi letu likijaa, ukingo wake hauzidi nusu mita kutoka majini. Ndiyo maana sasa siulizi tu, "Mawimbi ni mita ngapi?" Ninazidisha kwa mbili, kisha nautazama ukingo wa chombo changu.

3. Upepo hutajwa unakotoka, mkondo hutajwa unakokwenda

Kusi ni upepo unaotoka kusini, na kaskazi hutoka kaskazini. Mkondo wa kaskazini ni maji yanayokwenda kaskazini. Anayechanganya mambo haya mawili atapotea mchana kweupe.

Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hupata nguvu nyingi. Wakati wa kaskazi hupungua, ila hauachi kwenda. Wete iko karibu mashariki kabisa ya Tanga. Ukishika mashariki kwa saa sita na maji yanakusukuma noti mbili tu, utakuwa umechukuliwa maili 12 kwenda kaskazini, zaidi ya kilomita 20. Badala ya kuiona Wete utajikuta unautazama mnara wa taa wa Kigomasha, ncha ya juu kabisa ya Pemba. Tukivuka wakati wa kusi, sisi huelekeza omo kusini zaidi ya tunakokwenda, na maji hutufikisha penyewe.

Lakini hatari kubwa zaidi huja na kaskazi. Hapo upepo unashuka kusini na maji yanapanda kaskazini, vinakutana uso kwa uso. Mawimbi hufupika na kusimama wima, yakafuatana bila kukipa chombo nafasi ya kupumua. Upepo wa noti 15 unaopita vizuri ukiwa pamoja na mkondo hugeuka kazi nzito ukiwa dhidi yake. Mshale wa upepo kwenye simu haukuonyeshi jambo hili. Ni lazima uuweke wewe mshale wa pili, wa maji, kisha uitazame miwili kwa pamoja.

4. Hesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi

Taarifa nzuri ya bahari hutaja pia muda unaopita kati ya wimbi moja na linalofuata. Kwa miaka mingi niliruka namba hiyo. Leo ni ya kwanza kuitafuta.

Wimbi la sekunde tano lina urefu wa mita 39 hivi kutoka kilele hadi kilele. La sekunde kumi na mbili hufika mita 225. Yote mawili yakiwa na kimo cha mita moja na nusu, la kwanza ni ukuta na la pili ni kilima unachokipanda taratibu. Huku nje, nalipenda la pili.

Karibu na nchi kavu, mambo hugeuka. Mawimbi marefu huzaliwa na dhoruba za mbali, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, yakasafiri siku nyingi bila upepo wowote kuyasukuma. Mei 2007 mawimbi ya namna hiyo yalikipiga kisiwa cha Réunion kwa nguvu, ingawa dhoruba iliyoyazaa ilikuwa mbali sana nacho. Yakigusa fungu au mwamba, wimbi ambalo hukulihisi huku nje huinuka na kuvunjika.

Nililiona hilo Pangani, siku isiyo na upepo. Maji yalikuwa yanapwa, mto unatoka kwa kasi, na mawimbi marefu yalikuwa yanaingia. Pale kwenye fungu la mchanga mlangoni, bahari ilikuwa inasimama kama paa la nyumba. Mzee aliyekuwa nahodha wetu aliamuru tutie nanga nje. Tulingoja saa nne mpaka maji yakaanza kujaa, na mlango ukatulia. Mzee hakueleza mengi. Alisema tu, "Mwanangu, usishindane na mto."

5. Wazee walijua majira, si siku

Mabaharia wa pwani hii walikuwa na kalenda yao, ya Nairuzi, inayofuata jua na kuhesabu siku kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Kwa hesabu hiyo walijua lini kaskazi kitakatika, lini tanga mbili (kipindi cha upepo kubadilika) litaanza, lini kusi kitashika, lini matlai (upepo wa mashariki) yatarudi. Vyombo vya Oman na Ghuba vilikuja huku na kaskazi na kurudi kwao na kusi, karne kwa karne, na aliyechelewa kufunga safari alikaa ugenini hadi msimu mwingine. Elimu hiyo ni ya kweli, na anayeidharau hajui bahari.

Lakini kusi hakivumi sawasawa tangu Aprili hadi Septemba. Mashariki ya Madagaska, karibu na visiwa vya Mascarene, kuna eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa. Likipata nguvu, kusi chetu huchachamaa kwa siku mbili, tatu au zaidi. Likilegea, nasi tunapumua. Mzee aliyekaa ufukweni Tanga hakuweza kuona kinachotokea mashariki ya Madagaska. Mtabiri anakiona. Ndiyo maana katika msimu wa kusi utabiri wa siku tatu mbele hustahili kuaminiwa sana.

Vijana hunambia elimu ya wazee imepitwa na wakati. Wazee hunambia simu ni uongo. Mimi natumia yote mawili: mwongo hunambia nitegemee nini mwezi huu, utabiri hunambia nitegemee nini Alhamisi.

6. Vimbunga ni nadra kwetu, lakini vipo

Nilikua nikisikia kwamba pwani yetu haina vimbunga. Sababu ya uadimu wake ni ya kweli. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 hivi, na pia huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili kiweze kujizungusha. Nguvu hiyo ni dhaifu karibu na Ikweta, na ndani ya nyuzi tano za latitudo vimbunga ni vigumu kuzaliwa. Unguja iko nyuzi sita kusini, Mafia karibu nane, Mtwara kumi. Tuko ukingoni mwa eneo la hatari, hatuko nje yake.

Historia inasema hivyo hivyo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi na merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu mashambani. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilishukia Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Aprili 2021 Jobo kilitujia, kikadhoofika kabla ya kufika. Na tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, siku chache tu baada ya mwisho wa Aprili, wakati ambapo msimu wa vimbunga huhesabiwa kuwa umekwisha.

Siku za Hidaya tulikuwa Tanga, tumefunga kamba mbili mbili. Maonyo yalitolewa mapema, kwa sababu kituo cha Réunion, kinachofuatilia vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, na Mamlaka yetu walikuwa wakikifuata tangu kilipozaliwa. Mwaka 1872 hakuna nahodha aliyepata bahati hiyo.

Asiye na simu wala redio huko baharini bado ana barometa, ila aijue tabia yake katika bahari za joto. Kwetu mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku: huwa juu mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na chini mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Sindano ikishuka saa kumi jioni, usishtuke. Imefanya kazi yake ya kila siku. Ila ikiwa milibari tatu chini ya kawaida ya saa hiyo, shuku. Ikiwa tano chini, tafuta bandari. Na ukiupa upepo uso katika nusu hii ya dunia, kitovu cha kimbunga kiko upande wako wa kushoto.

7. Wingu moja halimo katika utabiri

Kuna jambo ambalo mtabiri hawezi kukupa, nalo ni wingu lako. Katika bahari za joto, wingu la mvua na ngurumo linaweza kukua, kupiga na kufa ndani ya saa moja au mbili. Taarifa itasema "mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo", na hapo ndipo elimu ya leo inapofika. Eneo gani, saa ngapi, utaona mwenyewe.

Wakati wa masika namweka baharia mmoja omoni, kazi yake ni kutazama tu. Wingu likiwa na kichwa kirefu na tumbo jeusi, tunalipima linakokwenda. Ukihisi upepo wa baridi wa ghafla katikati ya joto, hiyo ni hewa iliyoporomoka kutoka ndani ya wingu, na nyuma yake kuna nguvu. Ukiona mstari mweusi juu ya maji, na ndani yake weupe wa povu, huna zaidi ya dakika chache. Foromali ishuke kabla, si wakati huo. Tanga lililoteremshwa bure hupandishwa tena. Tanga lililopasuka katikati ya Mkondo halishonwi.

8. Kubaki bandarini nako ni unahodha

Fundisho hili ndilo lililonigharimu zaidi, maana adui yake si upepo bali simu ya tajiri wa chombo. Shehena inangojwa, abiria wamekaa tangu alfajiri, mashua nyingine imekwisha toka. Tajiri anauliza, "Nahodha, mbona wenzako wameondoka?" Swali hilo limewatoa watu wengi bandarini siku isiyofaa.

Dawa yangu ni kuamua mapema. Nimeandika kwenye daftari kiasi changu: chombo kikiwa kimejaa, upepo usizidi noti 18, wimbi lisizidi mita moja na robo, na kaskazi kikivuma dhidi ya maji, napunguza zaidi. Jioni kabla ya safari nasoma utabiri, naulinganisha na daftari, naandika uamuzi na saa. Asubuhi tajiri akipiga, namsomea. Sibishani naye, kwa kuwa uamuzi ulikwisha fanywa na mtu aliyetulia.

Jambo jingine: usingoje onyo kubwa. Mamlaka yetu hutoa maonyo kwa ngazi, kuanzia Angalizo, kisha Tahadhari, hadi Tahadhari Kubwa. Nimewasikia wengi wakisema, "Ni angalizo tu." Angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili huenda likawa dogo kwa meli. Kwa ngalawa na mashua ni hukumu kamili. Na bahari ya kusi haiwaonei wadogo peke yao: Julai 2012, katikati ya msimu huo, meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe na watu wengi wakapotea.

Wapo wanaosema chombo cha kuzama hakina usukani. Naiheshimu methali, lakini nimeona vyombo vyenye usukani mzuri vikipelekwa mahali ambapo jana yake ilikwisha kusemwa visiende. Mungu huandika ajali, nasi tumepewa masikio.

Sasa nina ombi kwa kila diko, kuanzia Moa hadi Msimbati, kuanzia Nungwi hadi Mkoani. Wekeni ubao mmoja pale watu wanapopitia kwenda majini. Kila jioni kabla ya magharibi, kijana mmoja anayejua kusoma aandike mambo matano: upepo na unakotoka, kimo cha wimbi, sekunde kati ya wimbi na wimbi, saa ya maji kujaa na kupwa, na onyo kama lipo. Aandike kwa saa ya Kiswahili, saa tunayoishi nayo, si ya UTC. Chaki na kipande cha ubao havifikii bei ya mfuko mmoja wa saruji. Mimi nililipa sitini kujifunza kusoma tarakimu nne.